Picha za gemu zikivurugika kwenye kompyuta ya zamani, fuata njia ya picha kabla ya kununua kadi

Septemba mwaka jana kijana wa kidato cha nne aliniletea kompyuta yake kutoka Igawilo, imefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. Kwenye PES 2013 yake nyasi za uwanja zilikuwa nyeusi zenye uzambarau na jezi nyeupe zimegeuka pinki. Alishaambiwa kwingine kwamba kadi ya grafiki imekufa, atafute shilingi 150,000. Mama yake, waliyekuja pamoja, alikuwa tayari kuuza viazi vyake mapema, bei ikiwa bado chini, ili hela ipatikane. Nilichomoa waya wa VGA, ule unaopeleka picha kwenye monita, nikaugeuza kwenye mwanga wa mlango. Jino la pili lilikuwa limelala. Nikalinyanyua taratibu kwa kibano cha nyusi, nikachomeka tena, na uwanja ukarudi kuwa wa kijani. Viazi vilibaki stoo.

Nimekuwa nikimkumbuka mama yule kila ninaposikia mtu anaambiwa "nunua kadi mpya" kabla hata kompyuta haijafunguliwa. Nina chumba cha gemu hapa Uyole, Mbeya, karibu na barabara kuu ya kwenda Tunduma. Ndani kuna kompyuta sita za mezani, zote za mtumba: Dell OptiPlex 790 tatu za mwaka 2011, HP Compaq mbili, na moja niliyoiunga mwenyewe yenye kadi ya GTX 750 Ti. Ndizo zinazomlipia mdogo wangu ada, kwa hiyo nimejifunza kuzitibu bila kukimbilia dukani. Nitakueleza ninavyofanya, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Kwanza elewa safari ya picha. Gemu limelala kwenye diski kama mafaili. Ukilifungua, mafaili hayo yanapanda kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kadi ya grafiki inayachukua na kuchora, mchoro unapita kwenye waya, unafika kwenye monita. Ni kama gunia la viazi linalotoka Isyonje kuja sokoni. Likifika limeoza, unauliza lilikuwaje shambani, lilikuwaje stoo, lilikuwaje kwenye gari. Kazi yako ni kujua limeharibikia kituo gani, na kuna maswali mawili yanayokupa jibu bila kutumia hata shilingi.

Swali la kwanza: uchafu uko ndani au nje? Picha ikiwa imevurugika, bonyeza kitufe cha Print Screen, fungua Paint, bandika, hifadhi, kisha ihamishie kwenye simu. Iangalie kwenye simu, usiiangalie kwenye monita ile ile, maana monita mbovu itaichafua hata picha nzima. Kwenye simu ikionekana safi, kadi yako imechora vizuri na shida iko kwenye waya, tundu au monita. Ikionekana chafu vile vile, waya na monita hazina kosa, rudi nyuma kwenye kadi, RAM, draiva (programu inayoiongoza kadi) au gemu lenyewe. Magemu mengine ya zamani yakijaza skrini nzima hukupa picha nyeusi tupu. Hapo liendeshe gemu ndani ya dirisha, kisha ujaribu tena.

Swali la pili: inaanza lini? Zima kabisa, washa, na uitazame skrini tangu sekunde ya kwanza. Vidoa au mistari ikionekana kwenye nembo ya Dell au HP, kabla Windows haijaanza kupanda, basi draiva na gemu havihusiki, kwa sababu wakati huo bado havijaamka. Ikianza ndani ya Windows, anza na draiva. Ikiwa ni gemu moja tu linalosumbua na mengine yako safi, shida iko kwenye gemu hilo. Na ikianza baada ya dakika kumi na tano au ishirini za kucheza, tafuta joto.

Majibu hayo mawili yaandike kwenye karatasi. Mimi nina daftari, kila mashine na ukurasa wake.

Waya na monita

Waya wa VGA una nafasi ya meno 15. Ukikuta jino la 9 halipo usishtuke, nyaya nyingi hutengenezwa bila hilo. Meno matatu ya kwanza ndiyo yanayobeba rangi: la 1 nyekundu, la 2 kijani, la 3 bluu. Ndiyo maana rangi ya ugonjwa inakuambia jino lipi la kuangalia. Nyeupe ikigeuka pinki iliyokolea, kijani haipiti. Ikigeuka njano, bluu haipiti. Ikigeuka kibuluu cha kijani kama maji ya ziwa, nyekundu haipiti. Nyanyua jino lililolala kidogo kidogo, maana likikunjwa mara mbili tatu linakatika. Kisha kaza zile skrubu mbili za pembeni. Watu wengi huziacha, na kila meza ikisukumwa waya unalegea.

Jaribu waya mwingine na monita nyingine kabla ya kuhukumu. OptiPlex 790 na ndugu zake wana pia tundu la DisplayPort, kwa hiyo ukiazima waya unaofaa unaweza kuikwepa VGA kabisa na kujua kama tundu lenyewe limechoka.

Kuna kingine nilichokifukuzia wiki mbili. Skrini zangu zilikuwa na mistari ya kulala inayopanda taratibu kama moshi, lakini mchana tu. Jirani yangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Siku moja nilikaa mlangoni nikisikiliza mashine yake, na kila alipogusa chuma, mistari ilikuja. Nilihamishia kompyuta na monita zake kwenye stabilaiza moja, zote kwenye mkondo mmoja wenye ethi nzuri, na nyaya za VGA nikaziweka mbali na nyaya za umeme. Mistari iliisha. Kama picha yako inachezacheza saa fulani za siku, toka nje usikilize mtaa kwanza.

Joto, hata huku kwetu kwenye baridi

Hapa ndipo watu wa nyanda za juu tunapodanganyika. Uyole tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtu anasema, kompyuta itapataje joto kwenye baridi hii? Lakini hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo kila feni inapozunguka. Halafu kwa sababu ya baridi hiyo hiyo tunafunga madirisha, tunaisukuma kompyuta ukutani, wengine wanaifunika kitambaa cha mezani ikiwa inawaka. Kuanzia Agosti hadi Oktoba vumbi la kiangazi linamalizia kazi. Mashine zangu nimewahi kuzifungua nikakuta vumbi limeshikana kati ya mapezi ya kipoza joto kama blanketi.

Kumbuka pia kwamba kwenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 2, grafiki ya ndani imekaa kwenye kipande kile kile cha prosesa. Huna kadi pembeni ya kusafisha. Ukiipoza prosesa ndiyo umeipoza grafiki.

Pima kabla hujafungua. Weka HWMonitor, programu ya kusoma joto, cheza dakika ishirini, kisha uangalie safu ya joto la juu kabisa. Mimi prosesa ikivuka nyuzi 85 kwenye gemu naifungua siku hiyo. Kadi ya pembeni ikigusa 90 naizima kabisa.

Kusafisha ni hivi. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili chaji iliyobaki ndani iishe. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa kitu chochote, hasa kiangazi, maana ukivua sweta tu mwili wako una umeme wa kutosha kuua RAM. Itoe nje, usisafishie ndani ya chumba unacholala. Tumia brashi laini ya rangi iliyo mpya na kavu, na bloa ukiipata. Feni izuie kwa kidole unapoipuliza, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi na upepo inaharibu beringi zake. Pawa saplai ipulize kwa nje kupitia matundu yake tu. Usiifungue, tafadhali. Kapasita zake hushika umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Themo pesti, ile dawa ya kijivu kati ya prosesa na kipoza joto, ikikauka inakuwa kama chaki na haisafirishi joto tena. Ifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya dengu katikati, rudisha kipoza joto na ukaze skrubu kwa kupishana pembe, siyo upande mmoja kwanza. Wapo wanaoweka dawa ya meno. Inakauka haraka, na mashine inarudi kwenye joto lile lile au zaidi. Kwenye OptiPlex yangu moja, kusafisha na kuweka pesti mpya kulishusha joto kutoka 93 hadi 68 kwenye gemu lile lile, na vile vipembe vyeusi vilivyokuwa vinachipuka uwanjani kipindi cha pili sikuviona tena.

Na ukiitoa kompyuta kwenye baridi ya asubuhi, labda imesafiri kwenye bodaboda kutoka Kawetire, ukaiingiza chumba chenye joto, iache saa nzima kabla ya kuiwasha. Umande unashika ndani kama unavyoshika kwenye chupa ya soda.

Draiva: mpya siyo lazima iwe bora

Draiva ndiyo programu inayoiwezesha Windows kuiamuru kadi ya grafiki. Dalili zake nazijua kwa kuziona mara nyingi: jana gemu lilikuwa safi, usiku Windows ikajisasisha, leo picha zimekatika. Au skrini inakuwa nyeusi kidogo, inarudi, na ujumbe kwamba draiva ya skrini iliacha kuitikia. Windows huisubiri kadi sekunde 2. Isipojibu, inaiwasha upya. Ujumbe huo unaweza pia kutoka kwenye joto au umeme mdogo, ndiyo maana nimetanguliza joto.

Fungua "Device Manager", kisha "Display adapters". Ukikuta pameandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", huna draiva kabisa, na gemu litachora ovyo au lisifunguke. Ukikuta jina sahihi la kadi, ingia kwenye "Properties" ujaribu "Roll Back Driver" kwanza. Mara nyingi hapo ndipo kazi inapoishia.

Kwa kadi za zamani lazima ujue mlango wao ulifungwa wapi, usije ukahangaika kutafuta kisichokuwepo. Intel haikutoa draiva rasmi ya Windows 10 kwa grafiki ya kizazi cha 2, yaani HD 2000 na HD 3000. Windows yenyewe huwapa ile ya zamani inayoanza na 9.17, na hiyo ndiyo ya kubaki nayo. NVIDIA za mfululizo wa 400 na 500 ziliishia 391.35 ya mwaka 2018. Nyingi za 600 na 700 ziliishia familia ya 470, iliyotoka mwaka 2021, isipokuwa kadi kama GTX 750 Ti ambayo ndani yake ni ya kizazi kilichofuata, na iliendelea kupata matoleo mapya. Radeon HD 5000 na 6000, AMD iliziweka kando mwishoni mwa 2015. Ukilazimisha draiva isiyo ya kadi yako, unajitengenezea ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani.

Ninavyosafisha: napakua draiva sahihi kwanza kutoka kwa Intel, NVIDIA, AMD, au ukurasa wa Dell na HP kwa namba ya mashine iliyobandikwa ubavuni, naiweka kwenye flashi. Kisha nachomoa intaneti ili Windows isije ikapachika ya kwake katikati ya kazi. Nawasha kwa "Safe Mode", hali ya Windows inayoamsha vitu vya lazima tu, naendesha programu iitwayo DDU ifute mabaki yote ya draiva ya zamani, nawasha kawaida, nafunga draiva kutoka kwenye flashi, nawasha tena. Ndipo narudisha intaneti. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zote kwa kubofya mara moja, sizitumii. Nimetumia siku nyingi mno kutoa uchafu zilioleta kwenye mashine za wateja.

Gemu la zamani likilalamika kwamba linakosa faili la d3dx9_43.dll au jina linalofanana na hilo, usilitafute faili hilo moja moja kwenye tovuti usizozijua. Funga kifurushi cha DirectX cha Juni 2010 cha Microsoft, kinaleta mafaili yote ya aina hiyo. Na kwa magemu ya miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili ambayo rangi zinavurugika kwenye Windows 10, kuna dgVoodoo2, inayotafsiri lugha ya kadi za zamani kwenda ya sasa. Mafaili yake unayaweka ndani ya folda ya gemu lenyewe, na ukiona hayasaidii unayatoa, hakuna kilichoharibika.

Gemu moja tu linaposumbua

Huku kwetu magemu hutembea kwa flashi, kutoka mkono hadi mkono. Faili moja likikatika njiani wakati wa kunakili, mchezaji mmoja anakosa uso au ukuta mmoja unakuwa mweupe. Alama yake ni kwamba kosa linatokea mahali pale pale kila mara. Nakili upya kutoka chanzo kingine, na kama ni gemu la Steam, tumia sehemu yake ya kuhakiki mafaili.

San Andreas ina ugonjwa wake. Vijana wanapenda kuingiza mabasi yetu ya mikoani na Scania za kubeba mizigo, na mimi ninawaelewa, inafurahisha kuliona basi unalolijua linakata kona. Lakini gemu lile la 2005 lilitengewa kumbukumbu ndogo sana ya kupakia mitaa unapoendesha. Basi lenye picha nzito likiijaza, barabara inatoweka mbele yako na majengo hayaji. Toa mabasi yote, hakikisha barabara imerudi, kisha rudisha moja moja. "Frame Limiter" iache imewashwa. Ukiizima, gemu linakwenda kasi lisiyoizoea na mambo mengine yanaharibika.

Kwenye mipangilio, punguza kivuli kwanza, kisha ulainishaji wa kingo, kisha rezolusheni hadi 1280 kwa 720. Badilisha kitu kimoja, cheza, uone. Picha ikipasuka katikati unapogeuka haraka, washa VSync. Inapasuka kwa sababu kadi inatuma picha bila kuisubiri skrini, na VSync inailazimisha isubiri; siyo ugonjwa.

RAM na umeme wa ndani

Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kompyuta. Kwa hiyo RAM chafu inaonekana kwenye skrini kama vidoa vya rangi. Toa vijiti, sugua meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha mpaka masikio yabane. Kisha jaribu kijiti kimoja kimoja. Ukitaka uhakika, iache MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja jekundu linatosha kukitoa kijiti hicho. Na kama una viwili vinavyofanana, viweke vyote viwili kwenye matundu ya jozi, grafiki ya ndani inapumua vizuri zaidi kuliko na kijiti kimoja kikubwa.

Pawa saplai iliyochoka hujionyesha gemu linapopamba moto: skrini inazimika au mashine inajiwasha upya, lakini kwenye Word iko sawa. Kagua pia kapasita za madabodi. Zenye kichwa kilichovimba kama andazi zimekwisha, mpelekee fundi wa kuchomea risasi azibadilishe.

Kadi ikiwa kweli imekufa

Vidoa vilivyopangika kama chandarua tangu nembo ya kwanza, waya umebadilishwa, joto ni zuri, RAM ni safi: hapo nakubali kwamba kumbukumbu ya kadi imeharibika. Ikiwa vidoa vinakuja kwenye gemu tu, punguza kasi ya kumbukumbu yake kwa programu ya MSI Afterburner, hatua ndogo ndogo. Nina kadi moja iliyonisogeza miezi saba hivyo. Usiipashe kwenye oveni wala juu ya jiko kama wanavyoonyesha kwenye video. Inaamka siku chache kisha inakufa tena, na moshi wake hautakiwi kugusa mahali unapopikia chakula.

Ukinunua kadi ya mtumba pale Mwanjelwa, jua mashine yako inaweza kuibeba ipi. Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa wati 75 kwa juu kabisa, na pawa saplai ya OptiPlex ndogo haina waya wa ziada wa kadi. GTX 750 Ti inakula wati 60, GT 1030 wati 30. Pima na kimo cha kasha, maana kasha jembamba linataka kadi fupi.

Nenda na flashi yenye GPU-Z, inayosoma kadi ni ipi hasa, na FurMark, inayoibebesha kadi mzigo mzito, na umwombe muuzaji mashine ya kujaribia. Tazama skrini tangu inapowaka. GPU-Z itakuonyesha kama kadi imebadilishwa jina, kwa sababu zipo za zamani zilizoandikwa upya zijiite mpya, na yenyewe huziandika "FAKE" ikizitambua. Kisha endesha FurMark dakika kumi na tano ukiangalia joto na vidoa. Muuzaji asipokupa dakika hizo, mshukuru na uende meza inayofuata.